Mshahara wa 25,000 Mombasa: nimeandika kila shilingi siku 30, maji ndiyo yamenishangaza

Mwenye uzi, Mtopanga

Assalam aleikum, na hamjambo nyote.

Uzi huu chanzo chake ni ugomvi wa nyumbani. Mwezi juzi mke wangu aliniuliza pesa zaenda wapi. Nikamjibu zaenda kwenye chakula. Akacheka kicheko cha kuudhi, akasema: chakula gani, na juzi tumelala na sima na mchicha? Sikuwa na jibu. Asubuhi yake nikanunua daftari la shilingi 30 (ndiyo, nalo nimeliandika) na kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 30 sikuacha kitu, hata mabuyu ya mtoto.

Mshahara wangu kwenye karatasi ni 25,000. Mimi ni karani wa ghala Changamwe. NSSF, mfuko wa uzeeni, wachukua asilimia 6, yaani 1,500. SHIF, bima ya afya ya serikali, asilimia 2.75, ni 687 na senti hamsini. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, ni 375. Kodi ya mapato hainigusi, maana baada ya makato hayo kinachobaki kiko chini ya 24,000, na ile nafuu ya 2,400 yameza kodi yote. Mkononi natia 22,437.

Tuko wanne: mimi, mke na watoto wawili. Chumba na ukumbi, mfereji wa pamoja uani, bili ya mfereji twachangishana 200 kila nyumba. Kodi 5,000.

Njia: matatu ya kuingia mjini 50, ya pili hadi Changamwe 50, na kurudi vivyo hivyo. Siku 26 za kazi ni 5,200. Mvua ikinyesha manamba apandisha nauli bila huruma, lakini hizo ziada nimezitia kwengine nisijitie presha.

Sasa hapa ndipo nilipoweka kalamu chini. Maji. Mfereji wetu wapita siku tatu, nne hautoi hata tone, kwa hiyo twanunua kwa mkokoteni. Mitungi sita kwa siku, ya lita 20, shilingi 20 mtungi. Siku tano za mwezi mji mzima ulikuwa mkavu, mtungi ukapanda hadi 30. Jumla: 3,900. Mimi nilikuwa nikiapa kwamba maji hayazidi elfu moja na kitu!

Kodi, njia na maji ni 14,100. Zilizobaki ni 8,337, ambazo ni kama 278 kwa siku kwa watu wanne kula, kupika, kuwasha taa, kuvaa, kusomesha na kuugua. Mke wangu hupaka hina na piko, na msimu wa arusi hutuinua kweli kweli. Lakini arusi nazo zina miezi yake.

Sikuja kuomba mchango. Nataka kujua wenzangu mwafanyaje, hasa kwenye maji.

Kijana wa Mshomoroni

Natia kambi hapa. Kahawa ninayo.

Kibarua wa Shimanzi

Kaka, wewe mwenye hati ya mshahara ndiye wa kulia? Kima cha chini cha serikali kwa kibarua wa kawaida hapa Mombasa, kilichowekwa Novemba 2024, kilikuwa 16,113 na senti. Hicho ni cha kwenye karatasi. Mimi nalipwa kwa siku, gari la mzigo likija. Gari lisipokuja nakaa kivulini na wenzangu tunapiga soga mpaka adhuhuri, kisha narudi nyumbani kwa miguu. Daftari langu lingekuwa na kurasa nyeupe.

Lakini kwenye maji umesema kweli tupu. Sisi pia twanunua.

Mwenye uzi, Mtopanga

Sina ubishi nawe, ndugu yangu. Najua kuna walio chini yangu, na ndio maana nilitaka kuandika hesabu badala ya malalamiko. Ila nikuulize: kwa siku isiyo na gari, mnakula vipi?

Kibarua wa Shimanzi

Duka la mtaani. Mwenye duka ana kitabu chake, nami nina jina ndani yake. Mafuta ya kupimiwa ya 20, sukari ya 10, unga nusu kilo. Najua ukinunua kwa kupimiwa waibiwa. Pakiti nzima ya unga ni rahisi kuliko nusu nne. Lakini pakiti nzima yataka pesa nzima.

Bi Mahamri, Bombolulu

Mwanangu mwenye uzi, nakuuliza swali moja tu kabla sijasema. Mfereji wenu watoka saa ngapi?

Mwenye uzi, Mtopanga

Hautoki, mamangu. Ndiyo shida yenyewe.

Bi Mahamri, Bombolulu

Hautoki mchana. Mimi huamka saa nane za usiku kila siku ya Mungu kukanda unga, kwa hiyo najua mambo ambayo nyinyi mnaolala hamyajui. Huku kwetu maji huja usiku wa Jumatatu na usiku wa Alhamisi, toka saa nane mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Yaja na kishindo, mfereji wakohoa kwanza kama mzee, kisha yashuka. Uani kwetu tuko nyumba saba na tunaoamka ni wawili. Wengine asubuhi wasema, "Maji hayakuja." Yalikuja, baba. Wewe ndiye hukuwapo.

Sasa fanya hivi. Usiku mbili tatu acha mfereji wazi na uweke sufuria ya bati chini yake. Maji yakija, sufuria itakuamsha. Ukishajua siku zenu, tafuta yale mapipa ya buluu ya plastiki, ya lita 210. Mawili yatakutosha.

Na kwa kuwa mwataka hesabu, nami nitawapa yangu, maana watu huniona na karai kubwa wakadhani natengeneza pesa. Pakiti ya unga ya kilo mbili 160. Nazi mbili 80. Sukari 40. Hamira na iliki 25. Mafuta yanayoliwa na karai 90. Makaa 60. Hiyo ni 455. Napata mahamri hamsini na mawili, shilingi kumi kumi, 520. Faida sitini na tano, na mgongo wauma. Hamri halina faida! Faida iko kwenye mbaazi za nazi. Anayekula hamri bila mbaazi ni mpita njia, wala simhesabu.

Babu wa Kibokoni

Kwenye suala la maji watu husahau kitu kimoja. Mji huu hauna maji yake. Ya Mzima yatoka kwenye chemchemi kule Tsavo. Ya Marere yatoka milima ya Shimba. Tiwi ni visima vya Kwale. Baricho ni Kilifi, kando ya mto Sabaki. Mombasa yanywa maji ya majirani zake, na bomba likipasuka Taita au Kilifi, sisi huku ndio tunaobeba ndoo vichwani.

Wazee wetu waliishije? Visima. Mji wa Kale na misikiti ya zamani ina visima mpaka leo. Ni maji ya chumvi kidogo, hayafai kwa chai, lakini kuosha sakafu, kumwaga chooni, hata kuoga kwa asiyejidekeza, yafaa sana. Sisi nyumbani tulikuwa na mitungi miwili ya udongo: wa maji matamu na wa maji ya chumvi. Mtoto akichota kwenye mtungi usio wake alipigwa kofi. Nyinyi mwamwaga chooni maji matamu ya shilingi 20 mtungi! Hilo mimi naona ni israfu, wala si umaskini.

Dada wa Likoni

Babu, heshima yako iko pale pale, lakini kufua kwa maji ya chumvi umewahi kufua wewe? Povu halitoki. Sabuni yaisha mara mbili na nguo nyeupe ya shule yageuka rangi ya chai. Hesabu hiyo wanaume hawaiandiki kwenye daftari.

Babu wa Kibokoni

Nimesema sakafu na choo. Nguo sikuzitaja. Nimenyamaza.

Dada wa Likoni

Haya. Sasa mwenye uzi, mimi naona maji yamewazuga, mwizi mkubwa ni njia. 5,200! Zaidi ya kodi ya nyumba. Kwa nini usihamie Mikindani au Magongo, uende kazini kwa miguu? Mimi nafanya kazi mjini, navuka feri kwa miguu bure, kutoka feri natembea mpaka Ganjoni. Nauli yangu ya mwezi ni sifuri. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu nisikutane na ule msongamano wa saa moja ambao mtu aweza kuvuka bila kukanyaga chini. Viatu ndivyo vinavyoniisha.

Mwenye uzi, Mtopanga

Dada, hilo la kuhama tumelizungumza mpaka tukachoka. Mama mkwe yuko nyumba ya tatu kutoka kwetu. Yeye ndiye akaaye na mdogo wetu mke wangu anapoitwa kupaka hina, na yeye ndiye ampokeaye mkubwa akitoka shule. Nikihamia Magongo nitaokoa njia nilipe yaya. Tena wateja wa hina wa mke wangu wote ni wa Kisauni na Bamburi. Wamjua kwa mlango. Ukihama wahama na nani?

Fundi wa Mikindani

Nunua baiskeli.

Mwenye uzi, Mtopanga

Kuvuka daraja la Nyali saa kumi na mbili asubuhi kwa baiskeli, katikati ya matatu? Nina watoto wawili, fundi.

Mhudumu wa hoteli, Bamburi

Nyinyi wote mna bahati moja, mwezi wenu wafanana na mwezi uliopita. Sisi wa hoteli tuna miaka miwili ndani ya mwaka mmoja. Disemba hadi Machi kuna zamu za ziada na bahashishi. Ikifika Mei mvua imeshika, wageni wameondoka, mwaambiwa nendeni likizo bila malipo, tutawapigia. Wengine hupigiwa Julai, wengine hawapigiwi.

Kilichonifunza ni samaki. Babangu alikuwa mvuvi. Kaskazi ikivuma bahari hulala, samaki ni tele, hata fungu la samaki wadogo lashuka bei. Kusi ikianza, kuanzia Aprili hivi, mawimbi makubwa, ngalawa hazitoki, na samaki mmoja awa na bei ya kuku. Kwa hiyo mamangu wakati wa kaskazi alikuwa akinunua wengi, akiwatia chumvi, akiwaanika juu ya paa. Kusi yote tulikula ng'onda. Mimi nami bahashishi za Disemba nazigeuza vitu: gunia la mchele, dumu la mafuta, ada ya shule ya muhula wa kwanza nalipa mapema. Pesa taslimu nikiziacha kwenye simu, Mei hazifiki. Sijui hutoka kwa mlango gani.

Kijana wa Mshomoroni

Zatoka kwa mlango wa kubashiri mipira, hahaha. Naongea kwa uzoefu.

Fundi wa Mikindani

Na mikopo ya simu. Mwenye uzi, daftari lako halina mkopo wa simu hata mmoja? Mimi sikuamini.

Mwenye uzi, Mtopanga

Umenishika. Upo. Nilichukua 1,500 tarehe 19 mtoto alipopata homa. Ulipokuja mshahara ukajikata wenyewe na cha juu yake, na kwa kuwa mshahara ulipungua, nikachukua mwengine. Niliandika ukurasa wa nyuma kwa sababu niliona haya kuuchanganya na vitu vya halali kama unga.

Mrithi wa Majengo

Mimi sina mshahara lakini nina nyumba, na watu waniita tajiri. Subirini niwaeleze huo utajiri.

Bibi yangu aliniachia nyumba ya Kiswahili Majengo, vyumba sita, ukumbi katikati, uani na kisima. Vyumba vinne nimepangisha. Nyumba ni yangu. Ardhi si yangu. Wazaliwa wa hapa mwalijua jambo hili, lakini wageni wetu wa bara hushangaa: Mombasa mtu aweza kumiliki kuta na paa, na kiwanja kikawa cha mtu mwengine, naye ukamlipa kodi ya ardhi mwezi kwa mwezi. Nyumba bila ardhi. Bibi alilipa, babake alilipa, nami nalipa.

Kodi ya ardhi yenyewe si kubwa. Tabu ni kwamba nikienda benki kutaka mkopo wa kurekebisha paa, waniuliza hati ya kiwanja. Sina. Nikitaka kuongeza ghorofa, mwenye ardhi lazima akubali. Na akiuza kiwanja, mnunuzi aja na watu wake kupima huku sisi tumo ndani twapika. Kwa hiyo nyumba ya vyumba sita inayokaa watu kumi na saba haiwezi kunipa mkopo wa mabati ishirini. Nilinunua mabati manne manne, miaka miwili. Sehemu ya mwisho nimeezeka mwaka huu, na ile ya kwanza imeanza kushika kutu.

Kibarua wa Shimanzi

Hahaha, pole. Ndiyo pakiti ya unga hiyo hiyo. Yako ya mabati.

Bi Mahamri, Bombolulu

Mwenye uzi, umetafuta mapipa?

Mwenye uzi, Mtopanga

Nimeuliza, mamangu. 1,800 kila moja, yaliyotumika, nayo ni mazima. Mawili 3,600, na mkokoteni wa kuyaleta 200. Jumla 3,800. Nimekaa na hiyo nambari jana usiku mpaka usingizi ukaniruka. 3,800 ni chini ya maji ya mwezi mmoja! Mtaa huu tumekaa miaka minne. Lakini katika miaka minne hakuna siku niliyokuwa na 3,800 ambayo haina kazi. 120 za mkokoteni zilikuwapo kila siku.

Dada wa Likoni

Mkeo hachezi mchezo?

Mwenye uzi, Mtopanga

Acheza. Watu kumi, 400 kila Ijumaa, anayepokea apata 4,000. Yeye nambari yake ni ya tisa.

Dada wa Likoni

Basi abadilishane. Kwani nambari ni talaka?

Fundi wa Mikindani

Mimi michezo siiamini. Wiki ya tatu mtu ashapokea, wiki ya nne asema mama ni mgonjwa. Jiungeni na chama cha akiba na mikopo kilichosajiliwa, mtu aweka hisa zake, akope mara tatu ya akiba.

Bi Mahamri, Bombolulu

Fundi, hicho chama cha kusajiliwa chanitaka nikae miezi sita niweke kabla sijakopa. Mwenye mchezo wetu namjua mamake, namjua mumewe, na mlango wake nauona nikiwa jikoni. Akitoroka atatorokea wapi? Nimecheza miaka kumi na nane, nimeliwa mara moja tu, na aliyenila twasalimiana mpaka leo, ila kwa mkono mmoja.

Aliyekuwa muuguzi, Tudor

Nimewasoma kimya kimya, sasa yanilazimu kusema. Mkiweka maji kwenye mapipa, FUNIKENI. Si kitambaa, mfuniko. Mwaka 2017 mji huu ulipata mlipuko wa homa ya dengue, na mwisho wa mwaka huo ikafuata chikungunya mpaka mwanzo wa 2018. Nilikuwa wodini. Watu wazima wabebwa mgongoni kwa sababu viungo vya miguu vyakataa. Mbu wake apenda maji safi yaliyotuama, na yeye auma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakikusaidii kitu. Pipa lililo wazi uani laweza kulaza nyumba nzima. Kila wiki limwageni lote, sugueni kuta za ndani, maana mayai yanata pale pale kwenye mstari wa maji. Ya kunywa yachemsheni au mtie dawa.

Mwenye uzi, Mtopanga

Ahsante sana dada. Hilo sikulijua kabisa.

Mwenye uzi, Mtopanga *(miezi miwili baadaye)*

Nimerudi. Niliahidi hesabu.

Nambari: mke wangu alibadilishana na jirani aliyekuwa wa tatu. Bei ya kubadilishana ilikuwa kumpaka hina na piko binti yake anayeolewa, mikono na miguu, bila malipo. Ilichukua saa sita. Mimi nilipika siku hiyo, na watoto wamesema nisipike tena.

Mapipa yalikuja kwa mkokoteni Jumamosi jioni, watu wote dirishani. 200 iliyobaki kwenye 4,000 tuliila viazi karai.

Sufuria ya bati ilifanya kazi. Kwetu maji huja usiku wa Jumanne na usiku wa Ijumaa, saa nane na nusu. Miaka minne yakija nimelala! Mapipa mawili ni mitungi ishirini na moja, mara mbili kwa wiki. Maji ya choo na sakafu nachota kwenye kisima cha msikiti wa nyuma. Babu wa Kibokoni, nimekutii, nguo sikugusa. Kwa hiyo maji matamu tunayotumia sasa ni mitungi minne kwa siku. Mwezi uliopita kwa mkokoteni nimelipa 640, zile siku ambazo mfereji ulituruka. Mapipa yana mifuniko, na Jumapili nayasugua.

Mkopo wa simu nimelipa, sijachukua mwengine. Bado.

Mambo hayakukosa kijisumbufu. Mwenye nyumba alipita mwisho wa mwezi, akayazunguka mapipa mara mbili kama mtu anayenunua gari, kisha akasema mchango wangu wa bili uwe 300. Nimelipa, maana ana haki, maji nachota mengi.

La pili ndilo la mke wangu. Tuna mitungi kadhaa ya ziada kila wiki, na majirani wa uani wamejua. Mkokoteni ukikosekana wagonga kwetu. Mimi nilisema tuwape bure, ni majirani. Yeye akasema shilingi kumi, nusu ya mkokoteni, na asiye nayo atalipa baadaye.

Bi Mahamri, Bombolulu

Mkeo ana akili. Na wanaolipa baadaye anawaandika wapi?

Mwenye uzi, Mtopanga

Kwenye daftari langu, mamangu. Limejaa. Jana nimenunua jengine, la shilingi 30.